Karatasi ya Pumzi za Deo

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Bukoba ananiuliza swali lilelile: "Zulfa, ni kweli ulivuka ziwa na maiti, ikafika inatembea?" Si kweli. Ila ukweli wenyewe hauko mbali sana na hapo, ndiyo maana nimeamua kuuandika mara moja, msome wote, mniache ninywe chai yangu kwa amani.

Bukoba hadi mwaloni

Kazi yangu mnaijua: naongoza wageni wanaopenda kupanda milima na kuingia mapangoni. Juzijuzi nilisoma kozi ya huduma ya kwanza porini, ile ya kumsaidia mtu mahali ambapo gari la wagonjwa halifiki. Siku ya mwisho mwalimu wetu alitugawia vyeti, halafu akatuharibia furaha. "Cheti hiki kinaanza kuoza leo," alisema. "Usipotafuta pa kuendelea kujifunza, utabaki na karatasi ya kupamba ukuta."

Mwenzangu wa kozi, Kalisti, ana duka la dawa kisiwani Goziba. Akaniambia niende kwake wiki mbili, maana huko watu wanaumia kila siku na hospitali iko ng'ambo ya maji. Nikakubali kabla ya kufikiri. Ndivyo nilivyo, na mama yangu ameshachoka kunisema.

Nilifika Muleba kwa basi, nikachukua bodaboda hadi mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, nikaambiwa boti inaondoka sasa hivi. Hiyo "sasa hivi" ikawa kesho yake saa tano. Katikati hapo nilikula ndizi na maharage mara tatu kwa mama mmoja mwenye kibanda, ambaye kila aliponipakulia alinitazama kama mtu aliyefiwa.

Sababu niliijua baadaye. Nilikuwa nimeufungua mkoba wangu kukagua vifaa: bandeji, vipande vya mbao vya kufungia mfupa uliovunjika, glavu, na lile blanketi jembamba linalong'aa la kumkinga mtu na baridi, ambalo asiyelijua angelidhani sanda. Nahodha wa boti, mzee mnene aitwaye Bwire, akaja akasimama juu yangu.

"Dada, unafuata maiti ya nani?"

"Hakuna maiti, mzee. Mimi ni wa huduma ya kwanza."

"Sawa. Lakini kama kuna maiti ya kurudi nayo, niambie mapema." Aliongea kwa upole, kama mtu wa kukata tiketi. "Maiti tunabeba, haina shida. Ina taratibu zake. Siku hiyo hatupakii samaki, injini haizimwi njiani, na ndani ya boti hakuna kuitana majina mpaka tuguse nchi kavu."

Nikamuuliza kwa nini hakuna kuitana majina.

"Unaweza kumwita mmoja, wakaitika wawili," alisema, akaenda kuhesabu madumu yake.

Nilicheka. Kicheko hicho nimekikumbuka mara nyingi tangu siku ile.

Mwaloni hadi Goziba, na siku nane za mwanzo

Safari ya kwenda haikuwa na neno. Ziwa lilitulia mno, maji yakawa na rangi ya bati, na kwa saa kama tatu hatukuona nchi upande wowote. Watu wa boti ile walikuwa wanataniana kwa lugha nne. Nilipoiona Goziba, niliona kwanza weupe ufukweni, nikadhani ni mchanga. Walikuwa dagaa walioanikwa.

Kalisti alinipokea kwa samaki wa kuchoma na kazi. Siku ya kwanza niling'oa ndoana kwenye kiganja cha mtu. Siku ya tatu niliosha jeraha la moto wa karabai. Niligundua kwamba kozini nilijifunza kumfunga bandeji mtu aliyelala kimya na kunishukuru, ilhali mgonjwa wa kweli anavuta mkono, anatukana, na anataka kurudi mtumbwini. Kila jioni niliandika kwenye daftari maswali ambayo kozi haikunijibu. Yalijaa haraka.

Swali moja nilikuwa nalo tangu Bukoba. Mwalimu alitufundisha kwamba radi ikipiga watu kadhaa, unaanza na aliyenyamaza. Anayepiga kelele anapumua, anaweza kungoja. Aliyenyamaza huenda moyo wake bado unapiga, ila kifua kimesahau kuvuta pumzi, na ukimpulizia anaweza kukumbuka. Darasa zima tulitazama chini. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo aliyepigwa na radi haguswi.

"Hapa wanasema radi huwa haijamaliza kazi," Kalisti aliniambia. "Ukimgusa mtu wake, inakumalizia wewe. Hata asiyeamini hataki kuwa wa kwanza."

Goziba, siku ya tisa

Ilikuwa alasiri. Wanawake walikuwa wanakusanya dagaa mbio kwa sababu ya wingu jeusi lililotoka upande wa Uganda. Nilisikia kama mbao kubwa inapasuliwa ndani ya kichwa changu. Nilipofumbua macho, watu wawili walikuwa chini karibu na mtumbwi. Mmoja, Magesa, alikuwa anashika mguu wake na kulia kwa sauti ya kutisha. Wa pili alilala chali, macho wazi, mvua ikimwingia machoni na hapepesi.

Nikamkimbilia Magesa. Ninaandika hili kwa aibu. Nilijua sheria, nilikuwa nimeinukuu mara kumi, na miguu yangu ikanipeleka kwenye kelele kama ya mtu yeyote. Kalisti ndiye aliyenivuta bega: "Zulfa! Aliyenyamaza!"

Watu walikuwa wameshafanya duara pana kumzunguka yule wa pili, na katikati ya duara hakuna aliyeingia. Tuliingia sisi. Nilisema bismillahi nikamwekea mikono kifuani. Mapigo yalikuwepo, mbali na dhaifu, lakini pumzi hakuna. Nikampulizia. Sijui kwa muda gani. Najua kwamba mvua ilikoma, na kwamba nyuma yangu mtu alikuwa anasema kwenye simu, "Ndiyo, Deo wa Izimbya. Amekufa. Radi." Na papo hapo kifua cha Deo kikapanda chenyewe chini ya mkono wangu.

Hakuna aliyeshangilia. Duara lilirudi nyuma hatua mbili.

Kifuani alikuwa na alama nyekundu zilizotawanyika mithili ya majani ya kangaga. Mwalimu alishatuonyesha picha, zinafutika zenyewe baada ya siku moja. Niliwaeleza. Walinisikiliza kwa adabu, na hakuna aliyemsogelea. Deo aliamka akasema anasikia baridi. Niliuliza jina lake, siku gani leo, yuko wapi. Hakujibu lolote, alinikazia macho mdomoni tu. Nikaandika kwenye fomu ya mgonjwa, karatasi tuliyofundishwa kuijaza kozini: "Amechanganyikiwa." Mtu mmoja wa kambi ya wavuvi alimwita kwa nyuma, "Deo! Deo!" na yeye hakugeuka. Nikasikia minong'ono: aliyerudi si Deo, hata jina lake halijui.

Kisha Kalisti akaniita pembeni, na hapo ndipo safari yangu ya kujifunza ilipogeuka safari nyingine. Yeye na Deo wanatoka kijiji kimoja. Ukoo wa Deo hauleti nyumbani maiti ya radi, wanaizika ilikoangukia. Nyumbani wanachimba kaburi kwenye kibanja, shamba la migomba la familia, wanazika kipande cha mgomba na kukipa jina la marehemu.

"Watazika kesho kabla jua halijazama," Kalisti alisema. "Wakishauzika mgomba kwa jina lake, Deo amekwisha. Hata akija na miguu yake, hana kibanja, hana mama. Nimeona ikitokea kwa mtu mmoja. Alihamia mbali, hakurudi."

"Si tupige simu?"

Alinionyesha simu yake. Radi ileile ilikuwa imekata umeme wa mnara wa kisiwa, na betri zake zilikuwa zimeisha punde tu baada ya simu ile. Habari ya kifo ilikuwa imewahi kupita, na baada yake haikupita nyingine.

Goziba hadi mwaloni, chini ya turubai

Asubuhi Bwire alikuwa ameleta boti. Nilimwomba atuchukue. Akamtazama Deo, aliyekaa juu ya gogo miguu ikiwa bado mizito, peke yake katikati ya uwanja mzima.

"Mzima namchukua," alisema. "Maiti naichukua. Huyu ni yupi kati ya hao?"

"Mzima, mzee! Si unaona anapumua?"

"Mimi naona. Vijana wangu wanaona mengine. Hawatashika kasia na huyo amekaa anawatazama." Akafikiri, akikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, na ninataka mlijue hilo. "Ila kama ni maiti, wanajua la kufanya."

Ndivyo mtu niliyempulizia uhai alivyolazwa sakafuni mwa boti na kufunikwa turubai. Nilimwonyesha kwa mikono tunachotaka kufanya. Alitazama turubai, akatazama maji, akajilaza mwenyewe. Kalisti alibaki na Magesa. Mimi nilikaa kichwani mwa Deo, blanketi langu la kung'aa limemzunguka, turubai nimeliinua kidogo upande wangu apate hewa.

Kozi inasema mgonjwa asiye imara umpime kila robo saa na uandike. Niliandika. Saa mbili na robo: pumzi kumi na sita, mapigo tisini na mbili. Saa mbili na nusu: pumzi kumi na tano, mapigo tisini. Hakuna aliyepiga soga. Hakuna aliyetaja jina la mtu. Kozi inasema pia umwite mgonjwa uone kama anaitika, na hilo sikuweza, kwa sababu mara nilipofungua mdomo kijana wa mbele aliacha alichokuwa anafanya na kunitazama. Nikafunga mdomo. Niliingiza mkono tu chini ya turubai, nikatafuta shingo, nikahesabu.

Baada ya saa moja mimi mwenyewe nilianza kulitazama turubai lile kwa jicho la wale vijana. Umbo lilikuwa la maiti. Utulivu ulikuwa wa maiti. Kila nilipoingiza mkono niliogopa nitakachokuta, na nilipokuta joto niliogopa pia, sijui kwa nini.

Saa nne kasoro robo niliingiza mkono na sikupata kitu. Ngozi ilikuwa baridi. Niliweka vidole shingoni, nikahamisha, nikahamisha tena. Niliweka kiganja kifuani. Injini ilikuwa inatikisa mbao zote za boti, vidole vyangu vilikufa ganzi, na sikuweza kutofautisha kinachotetemeka ni nini. Nilitaka kupiga kelele injini izimwe. Nilikumbuka injini haizimwi. Nikainama nikaweka shavu langu puani pake, na upepo wa ziwa ukapita kati yetu. Nilikaa hivyo nikiomba dua, machozi yananitoka, mpaka nikahisi kitu cha uvuguvugu kinagusa shavu. Kilikuwa chembamba sana. Kikaja tena.

Saa nne kamili: pumzi kumi na nne, mapigo themanini na nane. Mstari wa juu yake niliuacha wazi. Sikuwa na cha kuandika.

Muleba hadi Izimbya

Tulipogusa nchi kavu Bwire mwenyewe alifunua turubai, akasema kwa sauti, "Haya Deo, shuka," kana kwamba ni abiria aliyepitiwa na usingizi. Yule mama wa kibanda alituona tunapanda kutoka majini, akaingia ndani akafunga mlango. Ndizi zake zilikuwa bado jikoni.

Simu yangu ilipata mtandao. Nilipiga namba ya baba mdogo wake Deo, mzee Felisiani, niliyopewa na Kalisti. Nilimwambia mimi ni nani na kwamba Deo yu hai, niko naye. Akasema, "Mpe aongee." Nikamwekea Deo simu sikioni. Deo aliishika, akanitazama, akapumua. Baada ya muda akanirudishia.

"Mama," mzee Felisiani akaniambia, "sisi tuko msibani. Usituchezee." Akakata, na hakupokea tena.

Tulipata gari la kukodi. Dereva alipoteza njia mara moja, alisimama kununua senene wa kukaanga mara moja, na tairi lilipasuka mara moja, na kila mara nililitazama jua. Deo alikula senene wote. Nilifurahi mno kumwona akitafuna, nikaandika na hilo kwenye karatasi.

Izimbya tulifika jua limeshuka kwenye vilele vya migomba. Katika kijiji kizima hakukuwa na jembe lililokuwa kazini, maana siku ya msiba hakulimwi, isipokuwa yale yaliyokuwa yameegemezwa kando ya udongo mbichi ndani ya kibanja cha kina Deo. Kaburi lilikuwa tayari. Kipande cha mgomba kilikuwa pembeni yake, kimefungwa shuka jeupe, urefu wa mtu.

Watu walituona, na kilio kikakatika mara moja. Ukimya ule nilikuwa nimeshaujua kutoka Goziba.

Mzee Felisiani alitoka mbele. Aliinua mkono tusimame pale njia inapoingia kibanjani. Akasema, kwa Kiswahili ili nami nisikie, kwamba Deo ageuke aipe nyumba mgongo, aitwe mara tatu. Mtoto wa nyumba ile akiitwa na mkubwa huitika "Waitu." Kilichovaa sura yake hakiwezi. Sijui kama ni mila ya Wahaya wote au ya ukoo ule tu. Nilimgeuza Deo kwa mabega.

"Deusdedit!"

Deo alitazama barabara.

"Deusdedit!"

Ndege walikuwa wanalia migombani. Deo aliinama akatoa jani kwenye kiatu chake.

Mara ya tatu mzee aliita huku analia. Hakuna kilichojibu. Nikaona wanaume wawili wanakwenda kulichukua lile shuka jeupe.

Sikujua la kufanya, nikafanya ninalolijua. Nilitoa karatasi yangu nikaanza kuisoma kwa sauti, kama msibani inavyosomwa historia ya marehemu. "Saa mbili na robo, pumzi kumi na sita. Saa mbili na nusu, pumzi kumi na tano." Wanaume wakasimama. Nilisoma mstari kwa mstari, na pale penye nafasi niliruka. Nilisoma mpaka senene. Sauti iliponiisha niligeuza karatasi, kwa kukosa pa kushika tu, nikakutana na upande wa pili: ukaguzi wa mwili tangu kichwani. Kichwa, nimejaza. Macho, nimejaza. Masikio, pako wazi. Yaani sikukagua.

Nilimshika Deo kichwa nikakielekeza kwenye mwanga. Ndani ya sikio la kulia kulikuwa na damu iliyokauka. La kushoto pia. Radi hupasua ngoma za masikio, hilo lilikuwemo kozini, ukurasa uleule wa alama za majani ya kangaga. Siku mbili nilikuwa nimeongozana na kiziwi, nikaandika amechanganyikiwa.

"Hasikii!" nilipiga kelele. "Jamani, hasikii! Kosa ni langu! Masikio yamepasuka!"

Mama yake alikuwa ameketi kwenye majani yaliyotandikwa chini, Ma Sabina, mwanamke mdogo wa umbo. Aliinuka. Mtu alimshika kanga, akaiacha ianguke. Alikuja mpaka njiani, akatuzunguka, akasimama mbele ya mwanawe, uso kwa uso, akamwita kwa midomo, polepole.

Deo aliutazama mdomo ule. "Waitu," alisema. "Mama, mbona watu wamejaa hivi?"

Nililia kuliko wafiwa.

Kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Kabla jua halijazama mgomba ulizikwa, lakini bila jina lolote. Deo mwenyewe alisimama kando akatazama, mikono mfukoni, baba yake mdogo amemshika kiwiko.

Izimbya mara ya pili

Hospitali walisema sikio moja litapona vizuri. Baada ya mwezi nilirudi kumwona, kwa sababu sasa nimejua kwamba kozi yangu iliishia pale mtu anapovuta pumzi, na yaliyobaki yote inabidi niyajifunze kwa kufuata watu hadi nyumbani kwao. Ma Sabina alinipa kahawa ya kutafuna, tukaketi. Juu ya udongo ule kibanjani tayari kulikuwa na chipukizi.

Deo aliomba kuiona karatasi. Aliisoma yote, taratibu, akaweka kidole kwenye nafasi iliyo wazi.

"Hapa nilikuwa wapi?"

Nilimwambia ukweli. Nilimweleza habari ya injini, ya vidole vyangu, ya shavu langu.

"Hapo ndipo nilipomsikia mama ananiita," alisema.

"Deo, masikio yako yalikuwa yamepasuka. Ulikuwa katikati ya ziwa."

Nilimgeukia mama yake nipate mtu wa kunisaidia. Ma Sabina alikuwa ameacha kutafuna.

"Saa ngapi hiyo?" aliuliza.

"Saa nne kasoro robo, asubuhi."

"Chai ya saa nne ilikuwa haijamiminwa," alisema. "Walipopiga jembe la kwanza la kaburi pale, nilitoka nje nikamwita."

Karatasi ninayo hapa mezani. Nimeshajaza sehemu ya masikio. Ule mstari mwingine nimejaribu mara mbili, kalamu mkononi, na bado uko wazi.